Kizuka na hina ya Idi

Mama mkubwa alisubiri wageni wapungue, ndipo akaivuta kanga kichwani ikamwangukia mabegani.

"Mwanangu, wewe ndiye mwenye kuandika mambo ya nywele. Hii inatoka?"

Hii ilikuwa hina. Imekolea kuanzia utosini hadi nchani, ile rangi ya chungwa kali inayotokea mvi zinapokutana na hina nzuri. Aliipaka kwa ajili ya Idi. Idi ikapita, na wiki haijakwisha baba mkubwa akatutoka. Sasa mama mkubwa ni kizuka, yaani mjane aliye edani, ameketi kwenye mkeka chumbani kwake Kikwajuni, Unguja. Hana pete, hana wanja, hana asumini, udi haufukizwi karibu naye, na kichwani anawaka.

Nikamwambia nitamtazamia.

Jibu nilikuwa nalo. Watu wananiuliza swali hilo tangu nianze kuandika hapa, na huwa nawajibu kwa mstari mmoja: hina ya kweli haitoki, inaachwa ikue kisha inakatwa. Lakini mbele yake mstari huo ulinikwama kooni, nikapanda nao boti mpaka Dar, na wiki zilizofuata ukawa unanirudia nikiwa jikoni, nikiwa kwenye daladala, nikiwa najibu watu wengine swali lilelile bila taabu yoyote. Kwa nini neno ninalomwambia bibi harusi huku nikicheka limegoma kumtokea mtu wa eda?

## Kiganja, kucha, unywele

Jani la mhina lina kitu kinachoitwa lausoni. Ukilitwanga na kulikanda na chochote chenye uchachu kidogo, ndimu au ukwaju au chai ya rangi iliyolala, lausoni hujitoa kwenye jani. Ikikutana na keratini, yaani ile protini inayojenga ngozi ya juu, kucha na nywele, hushikamana nayo. Haikai juu yake kama chokaa ukutani. Inaungana na protini yenyewe, na hewa huendelea kuiivisha siku mbili tatu baada ya kuoshwa. Ndiyo maana hina ya leo ni ya chungwa, na ya keshokutwa imezama.

Kwa hiyo ukitaka kujua hina itakaa muda gani, tazama imepakwa wapi.

Ngozi ya kiganja hujichuna kila siku bila sisi kuona, na baada ya wiki mbili tatu rangi imekwenda pamoja na ngozi iliyoibeba. Kucha ya mkono husogea milimita 3 hivi kwa mwezi. Hina yake husukumwa mbele taratibu na inaweza kuchukua karibu nusu mwaka kufika kwenye wembe. Unywele ni habari nyingine. Sehemu iliyokwisha kutoka nje ya kichwa haina uhai: haijichuni, haijitengenezi, haisahau. Kinachosogea ni kile kinachoota chini yake, sentimita 1 hivi kwa mwezi, na nywele za kipilipili huenda taratibu zaidi ya hapo.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Nilipiga hesabu hiyo nikiwa baharini. Viganja vitasafika mapema. Kucha zitapita nusu. Kichwani kutakuwa na sentimita nne hivi za mvi, na kuanzia hapo hadi nchani ni hina ileile ya Idi, na mpaka kati yao umekatika wazi.

Tarehe ya msiba ingesomeka kichwani.

## "Haya, kizuka wetu kapambwa"

Niliichukua kuwa ni haja ya dini, maana mtu akiwa edani hapaki hina, na hilo kila mtoto aliyekulia pwani analijua. Riwaya ya Ummu Salama, yaani hadithi aliyoisimulia mke huyo wa Mtume, inavitaja vitu kimoja kimoja: nguo za rangi ya kujipamba, vito, hina, wanja. Lakini hina iliyopakwa mume akiwa hai, na yeye mwenyewe amekula pilau ya Idi?

Nikampigia mwalimu wangu wa zamani wa chuo, bibi anayewasomesha wanawake fiqhi, sheria za dini, mpaka leo. Hakunichelewesha. Kilichokatazwa ni kupaka, alisema. Rangi iliyokwisha kushika ni alama tu, na mtu haambiwi auchune unywele wake. Afunike kichwa, asijipambe, basi.

Nilirudi Unguja nikiwa na fatwa yangu mkononi. Mama mkubwa akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa.

"Hilo nalijua, mwanangu."

Binti yake mkubwa ndiye aliyenifungulia jambo, tukiwa jikoni. Siku ya tatu ya msiba mtandio ulimteleza mama yake mbele za watu, na wifi mmoja akasema, si kwa sauti kubwa lakini kwa sauti ya kutosha: "Haya, kizuka wetu kapambwa." Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemjibu pia.

Fatwa haimnyamazishi wifi.

Hapo ndipo nilipoanza kusitasita kwa kweli. Kama shida ni maneno ya sebuleni, je, nimsaidie mtu wa miaka yake kuziharibu nywele ili kuyaridhisha? Hasira iliniambia nisimsaidie. Nikajionya: si mimi niliyeketi kwenye mkeka huo, kila mgeni akiingia anatupa jicho kichwani kwanza, pole baadaye. Mtu aliye nje ya chumba huona fahari kuwa na msimamo.

## Nywele za kwenye kitana

Nilimwomba nywele. Zile zinazobaki kwenye kitana baada ya kuchana, nikazijaribu kwa msusi kabla hatujagusa kichwa.

Wenzangu wa pwani mnajua nililoliomba. Nywele za kwenye kitana hazitupwi hovyo kwetu, zinafukiwa au zinachomwa, wala hapewi mtu akaondoka nazo mlangoni. Mama mkubwa alizikunja kwenye karatasi mara mbili, za mbele mbali na za nyuma mbali, akanipa huku ameishika ile karatasi bado.

"Kisha nirudishie."

Msusi niliyempelekea ni mtu wa kazi, si mtu wa ahadi. Alichanganya unga wa blichi na peroksaidi ya asilimia 6, akatia nywele za nyuma kwenye kibakuli kimoja na za mbele kwenye kingine, tukakaa. Za nyuma zilipauka polepole, zikatoka kwenye chungwa kali zikaingia kwenye chungwa la manjano, kisha zikagoma. Ndio mwisho wa hina halisi hapo. Ukiilazimisha zaidi, kinachokwisha ni unywele.

Za mbele zikageuka kijani.

Nikampigia binti mkubwa. Kwanza alikana, kisha akakumbuka: kwa miezi kadhaa alikuwa akimpaka mama yake mbele, kwenye mapaji, "hina ya kahawia" ya pakiti, ili kuua ule uchungwa. Ukahawia wa pakiti za namna hiyo mara nyingi ni hina iliyochanganywa na nili, jani linalotoa rangi ya buluu. Blichi huishambulia hina kwa kasi yake na nili kwa kasi nyingine, na ile buluu inayobaki juu ya manjano ndiyo kijani nilichokiona kwenye kibakuli.

"Na hii bado ni heri," msusi akasema. Zipo pakiti zinazouzwa kwa jina la hina ambazo ndani yake mna chumvi za madini, risasi au shaba. Hizo zikikutana na peroksaidi huweza kupata moto, zikatoa moshi na harufu, na nywele zikayeyuka mkononi. Ndiyo maana wasusi wanaojua kazi hujaribu kwanza nywele chache nje ya kichwa, na ndiyo maana mimi huwashangaa wale wanaoandika "paka blichi, suuza, maliza" bila kumuuliza mtu alipaka hina ya nani.

Kizuka mwenye mapaji ya kijani. Tukacheka, msusi na mimi, kwa namna ambayo nisingeweza kucheka Kikwajuni.

Karatasi nikairudisha na zilizobaki.

## Ndimu, magadi, mkasi

Msibani kila mtu ni daktari. Mmoja alileta habari ya ndimu na asali. Ndimu ni uchachu, na uchachu ndio uliosaidia hina ishike. Utaukausha unywele tu, rangi ipo palepale. Mwengine akasema magadi. Magadi hufanya magamba ya nje ya unywele yafunuke, ukwaruze, ukatike. Mvi za mtu mzima, ambazo kwa kawaida ni kavu na ngumu, hazina uvumilivu wa magadi. Kuna aliyetaja ile dawa ya kung'arisha mashuka meupe. Huyo nilimwomba kwa heshima zote asiurudie ushauri huo mbele ya mtu mwenye macho na mapafu.

Binti mdogo ndiye aliyesema kile ambacho wote tulikuwa tumekifikiria.

"Si tunyoe tu? Zitaota mpya."

Kwa hesabu ya nywele, hakuna njia safi zaidi ya hiyo. Nywele zote zenye hina zinaondoka siku moja, na kinachoota hakijawahi kuonja hina. Lakini mjane hanyoi kichwa. Sahaba Abu Musa al-Ash'ari alisimulia kwamba Mtume alijitenga na mwanamke anayepiga mayowe ya msiba, anayenyoa kichwa na anayechana nguo. Hata kama nia yako ni kutoa hina, anayekutazama haoni nia, anaona mjane kanyoa.

"Wifi atapata pa kuanzia," mama mkubwa akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akimtaja.

## Majani yaliyobaki

Kilichobaki kilikuwa mafuta na maji. Nilimwambia wazi kwamba hayatatoa hina, yatapunguza makali yake tu, na kwamba hata hilo ni kwa sababu hina yake bado ni changa. Chembe ambazo hazijapata pa kushika, au zimeshika kwa ulegevu, mafuta na uvuguvugu huweza kuzilegeza. Zilizokwisha kuungana hazitikisiki.

Mafuta yalikuwa ya nazi, ya nyumbani, yale ya kuchemsha tui mpaka mafuta yakaelea. Dukani hatukwenda, na si kwa ubahili. Mtu wa eda hajitii manukato, na ukizunguka duka zima la vipodozi utatafuta sana chupa ya mafuta ya nywele isiyo na asumini, waridi au "harufu ya matunda". Watu wakizungumza juu ya kutunza nywele hawafikirii kwamba yupo anayezitunza huku amekatazwa kunukia. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuandika mstari mmoja kwa ajili yake.

Nazi ina sifa yake pia. Watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walichapisha mwaka 2003 jaribio lililolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na mafuta ya madini kwenye nywele. Ni ya nazi peke yake yaliyopunguza kwa kiasi cha maana protini inayopotea unywele unapooshwa, yapakwe kabla ya kuosha au baada. Sababu ni asidi ya lauriki iliyojaa ndani yake, yenye umbo dogo lililonyooka, inayoweza kupenya hadi ndani ya unywele badala ya kubaki juu. Bibi zetu hawakusubiri jarida, lakini mimi hufurahi jarida na bibi wakikutana.

Tulipaka usiku, tukafunga kichwa kwa kitambaa cha zamani, asubuhi tukaweka taulo lililokamuliwa maji ya moto juu yake mpaka lipoe. Kisha kuosha, na hapo ndipo binti mkubwa aliposita. Shampuu iliyokuwamo ndani ilikuwa ya kunukia. Unga wa mkunazi ulikuwepo, lakini ulikuwa ni ule uliobaki.

Uliobaki kutoka wapi, hapakuwa na haja ya kusema. Baba mkubwa alikuwa ameoshwa kwa maji ya mkunazi, kama anavyooshwa kila maiti wa Kiislamu panapopatikana majani hayo.

"Lete," mama mkubwa akasema. "Majani yana kosa gani?"

Ukikoroga unga wa majani ya mkunazi kwenye maji na kuupiga kwa mkono, unatoa povu. Mna saponini ndani yake, sabuni ya mti. Huosha bila kuvua mafuta yote, na kwa nywele zilizokauka kwa hina ya miaka ni neema. Nilipokuwa nikimmwagia maji nikakumbuka sehemu ya pili ya habari ya Ummu Salama, iliyomo katika kitabu cha hadithi cha Abu Daud, ambayo wanazuoni wameijadili sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake. Naye alikuwa mjane wakati huo, wa Abu Salama, mume wake wa kabla ya Mtume. Alipokatazwa kuchania nywele kwa manukato na hina, aliuliza: nichanie nini basi? Akaambiwa mkunazi. Nilimsimulia. Hakusema kitu, akainamisha kichwa zaidi ili maji yafike kisogoni.

Taulo lilishika rangi siku hiyo. Safari iliyofuata likashika kidogo. Baada ya hapo likabaki jeupe, na kichwa kikabaki cha chungwa, chungwa lililopoa kidogo, lakini chungwa.

## "Nshachoka nayo"

Nilikuwa namchana, kitana cha meno mapana, kuanzia nchani kupanda juu, kidogo kidogo. Hina iliyorudiwarudiwa juu ya hina hujaza unywele na kuukakamaza. Ukianzia juu unasukuma mafundo yote chini na kuyakata. Kazi ya namna hii ni ndefu na haihitaji macho kwa macho, na nadhani ndiyo maana nilithubutu.

"Mama mkubwa, ingekuwa inatoka yote leo, ungefurahi kwa sababu ya yule wifi?"

Akacheka mpaka kitana kikanitoka.

"Yule? Yule ataongea nikiwa na hina, ataongea nikiwa sina. Mimi nshachoka nayo, mwanangu."

Akaeleza. Mvi zilianza kumtoka watoto bado wadogo, akaanza kupaka. Idi mbili kila mwaka, harusi zote za ukoo, maulidi, mgeni kutoka Muscat. Mizizi ikitoa weupe, binti anakuja na bakuli. Anajua ni jambo jema kubadilisha mvi. Habari ya Abu Kuhafa, baba yake Abubakar, kuletwa mbele ya Mtume siku ya ufunguzi wa Makka kichwa cheupe kabisa, Mtume akaamuru mvi hizo zibadilishwe, aliisoma akiwa msichana. Lakini hajawahi kuziona mvi zake. Hajui ni nyeupe kabisa au za majivu, hajui zimeanzia wapi.

"Na ukiacha hivi hivi, mwaka una amani, watu watakuuliza una nini. Wataniona mgonjwa. Sasa nimepata sababu."

"Na baba mkubwa je, alikuwa anaipenda?"

"Yule hata ningenyoa asingejua mpaka aambiwe."

Hapo nikaelewa kwa nini jibu langu la mstari mmoja lilinikwama. "Haitoki" ni jibu la mtu anayetaka kufuta. Yeye alikuwa anataka kuacha, na katika kuacha jambo gumu ni ile miezi ya katikati, ile rangi mbili, ule mpaka ambao kila anayekuona anauzungumzia. Wanawake wengi hurudi kwenye bakuli kwa sababu ya mpaka huo tu. Mama mkubwa alikuwa amepewa miezi minne na siku kumi ya kukaa ndani, kichwa kimefunikwa, bila mtu kuwa na haki ya kuuliza kwa nini hapaki. Alikuwa ameliona hilo kabla yangu, pengine kabla ya wifi kufungua mdomo.

Sijui kama ni sawa mtu kupata nafuu ndani ya eda. Nimeligeuza swali hilo pande zote na bado linanisumbua kidogo. Alimlilia mumewe, nilikuwepo, nilisikia. Na alikuwa akipapasa kwa kidole mzizi mpya unaoota.

## Wanaoniuliza

Tangu hapo nasoma ujumbe wa watu kwa jicho jingine. Kabla ya kujibu nauliza nani anataka itoke. Mara nyingi ni mama mkwe mtarajiwa, au bosi, au mpiga picha. Kuna aliyetaka nywele za dhahabu kwa ajili ya harusi baada ya miaka ya hina. Huyo nilimpa habari ya vibakuli viwili na akachagua ushungi wa dhahabu. Kuna kijana aliyepaka ndevu kwa mzaha na ana usaili kazini: kwake mkasi ni dakika mbili.

Na kuna wale wa hina nyeusi, ambao siwafanyii mzaha. Hakuna jani la mhina linalotoa weusi kwa nusu saa. Weusi wa haraka ni PPD, kemikali ya rangi za nywele za dukani, ambayo Umoja wa Ulaya hauiruhusu izidi asilimia 2 inapofika kichwani na hauiruhusu kabisa kupakwa ngozini. Kwetu inachorwa mikononi mwa maharusi kwa jina la piko. Ikimkataa mtu, ngozi yake huvimba na kutoa malengelenge, na mwili unaweza kuikumbuka maisha, kiasi kwamba rangi yoyote ya nywele baadaye inakuwa hatari kwake. Sudan, ambako huchanganywa na hina ili iive upesi, madaktari wamekuwa wakiripoti tangu miaka ya 1980 watu waliovimba koo na figo zikafeli. Ukihisi mwasho au uvimbe, osha kwa maji mengi na uende hospitali. Habari za mafuta ya nazi zisubiri. Na ukibanwa na pumzi usisubiri hata kuosha.

## Siku ya kutoka

Siku aliyotoka eda nyumba ilijaa. Aliogeshwa, akavikwa nguo mpya, udi ukafukizwa chumbani kwa mara ya kwanza tangu msiba, na binti zake wakawa wamemwita mpakaji wa hina, mwenye hina ya majani aliyoitwanga mwenyewe.

Asubuhi, kabla ya watu kufika, alikubali nimkate. Sikugusa karibu na kichwa. Niliondoa vidole vinne vya nchani, palipokuwa pamekauka zaidi na pamegawanyika. Tumepanga kukata hivyo kila baada ya miezi michache, mpaka uchungwa uishe wenyewe kwa mkasi, na katikati ni nazi kabla ya kuosha, mkunazi, kitana kipana, na hakuna moto wa kunyoosha. Mvi zilizoota, kwa faida ya wanaotaka kujua, ni nyeupe kabisa mbele na za majivu kisogoni. Alitumia vioo viwili kuzitazama na akataka nivishike vyote.

Mpakaji wa hina alimaliza viganja, akamaliza miguu, akaikoroga bakuli iliyobaki na kunyanyua macho.

"Na kichwa, bibi?"

"Kichwa kina mwenyewe."

Binti mkubwa akaruka. "Mama! Utaonekana mzee!"

"Wajukuu wangapi hawa wanaonikanyaga hapa?"

"Tisa."

"Haya." Akamgeukia mpakaji wa hina, akamnyooshea mkono. "Na hiki kidole gumba umekiruka."